Exetat: hesabu inatayarishwa kwa kalamu, si kwa majibu ya kununua

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, mitaa ya Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Bunia, Kindu na Lubumbashi inajaa vijana wenye poda nyeupe kichwani. Wanaimba, wanakimbia barabarani, na wazazi wanapiga simu kwa ndugu walio mbali. Siku hiyo hiyo, katika nyumba zingine, simu inazimwa na mtoto hatoki chumbani. Mwaka mzima wa minervali, wa kaye na wa mwendo wa miguu hadi shuleni umeisha bila diploma.

Ukiuliza wafinalisti ni somo gani linawatia hofu zaidi, wengi watakujibu: hesabu. Kuhusu somo hilo kuna mawazo mawili yanayozunguka mitaani. La kwanza linasema hesabu ni kipaji, mtu anazaliwa nacho ao hana. La pili linasema dawa ya hesabu ni kutafuta mtu mwenye majibu na kumlipa. Mawazo yote mawili yanampoteza mwanafunzi. La kwanza linamfanya aache kujaribu, la pili linamla pesa. Ukweli uko mahali pengine: mtihani huu una namna yake ya kutungwa, na anayeijua namna hiyo, akikaa na kalamu mkononi kwa majuma kadhaa, anaweza kuongeza alama zake hata kama tangu mwaka wa kwanza aliitwa mzito wa hesabu.

Mtihani unaosomwa na mashine

Mtihani wa serikali, ambao kwa kifupi unaitwa Exetat, ulianza mwaka 1967. Tangu wakati huo ndio mlango wa kutoka sekondari. Bila diploma ya serikali hakuna kuingia chuo kikuu, na kazi nyingi za ofisi zinabaki mbali. Unafanywa na vijana wa mwaka wa mwisho, ambao wakaaji wengi wanaendelea kuwaita wa "sixième", hata kama katika mpango mpya wa masomo darasa hilo linaitwa mwaka wa nne wa humanités. Unafanywa pia na watu wazima waliojifunza wenyewe, wanaoitwa otodidakti.

Una sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya hors-session, penye mwanafunzi anaandika insha kwa Kifaransa, anajibu maulizo kwa mdomo, na wa optio zinazohitaji kazi za mikono wanazifanya. Ya pili ni session ordinaire, ambayo inachukua siku nne. Katika siku hizo nne, kila ulizo linakuja na majibu yaliyokwisha kuandikwa. Mwanafunzi anachagua moja na kulitia alama kwenye karatasi ya majibu. Karatasi hiyo inasomwa na mashine.

Jambo hilo la mashine wengi wanalisahau wakati wa kujitayarisha. Darasani, mwalimu akiona mwanafunzi amefuata njia nzuri lakini akakosea kutoa kwenye mstari wa mwisho, anampa nusu ya alama. Mashine haioni njia. Haijui kama mtu alikuwa karibu na jibu ao alikuwa mbali. Kosa dogo la alama ya kutoa linalipwa bei moja na kutokujua kitu kabisa. Kwa hiyo anayejitayarisha kwa Exetat anahitaji vitu viwili: kuelewa somo, na kuhesabu bila kuteleza. Wengi wanatafuta kitu cha kwanza tu.

Tena hesabu ya mtihani si moja kwa wote. Mwanafunzi wa math-physique anakutana nayo kama somo kubwa la optio yake: limiti, derive, integrali, namba kompleksi, matrisi. Wa biashara na jestio anahitaji kushika vizuri faida za benki, asilimia na hesabu za pesa. Wa pedagojia anahitaji statistiki na misingi. Kazi ya kwanza, kabla ya kufungua kitabu chochote, ni kutafuta maulizo ya miaka iliyopita ya optio yake mwenyewe, na kuandika orodha ya vichwa vinavyorudi mara kwa mara. Kuna mwanafunzi wa jestio anayetumia usiku mwingi kwa maulizo ya math-physique aliyopewa na rafiki. Mwanafunzi huyo anachoka, lakini hajitayarishi.

Majibu ya uongo yanatoka wapi

Katika mtihani wa kuchagua, majibu yasiyo ya kweli hayaandikwi ovyo. Mtungaji anajua makosa ambayo wanafunzi wanafanya, na matokeo ya makosa hayo anayaweka kati ya majibu. Ndiyo sababu mtu anaweza kukosea, akaona jibu lake liko pale kwenye karatasi, akafurahi na kuendelea.

Mfano wa logaritmu unaonyesha vizuri. Ulizo linasema: tafuta log 2 + log 5. Mwenye haraka anajumlisha 2 na 5, anapata log 7, na log 7 iko kati ya majibu. Lakini kanuni inasema kujumlisha logaritmu ni kuzidisha namba zake: log 2 + log 5 ni log 10, na log 10 ni 1.

Mfano wa derive: fonksio ni (2x − 1)³, na wanaomba derive yake pale x ni 1. Anayeshusha 3 chini na kupunguza kipeo anapata 3(2x − 1)², anaweka 1, anapata 3. Jibu 3 liko. Lakini alisahau kwamba ndani ya mabano kuna 2x, na derive ya ndani ni 2. Jibu la kweli ni 6.

Mfano wa biashara: franka 500 000 zimewekwa kwa 8 % kwa mwaka, kwa miezi 9, faida ya kawaida ni ngapi? Kwa mwaka mzima faida ni franka 40 000, na namba hiyo itakuwa kati ya majibu kwa ajili ya wale wanaosahau miezi. Miezi 9 ni robo tatu ya mwaka, kwa hiyo faida ni franka 30 000.

Fundisho ni moja katika mifano yote mitatu. Kuona jibu lako kwenye karatasi si ushahidi kwamba ni la kweli. Mwanafunzi anayejua makosa yake ya kawaida anatambua mtego anapouona, kwa sababu alikwisha kuanguka ndani yake nyumbani, mahali penye kuanguka hakulipwi.

Kaye ya makosa

Kati ya vyombo vyote vya kujitayarisha, kimoja ni cha bei ndogo na wengi hawana: kaye ya makosa. Ni kaye ya kawaida. Kila mara mwanafunzi anapokosa ulizo, anaandika upande mmoja ulizo lenyewe, na upande wa pili anaandika kwa maneno yake sababu ya kosa. Haandiki tu "nilikosea". Anaandika "nilisahau derive ya ndani", "nilihamisha namba bila kubadilisha alama", "nilisoma vibaya, waliomba nusu kipenyo, mimi nikatoa kipenyo".

Baada ya majuma mawili, kaye hiyo inaanza kusema. Wengi wanagundua kwamba hawakosi kwa sababu ya integrali ao namba kompleksi. Wanakosa kwa sababu ya fraksio, alama za kutoa, kufungua mabano na kuhamisha namba katika ekwasio, mambo waliyoyapita miaka mingi nyuma. Wa namna hiyo hana lazima ya kununua kitabu kikubwa. Ana lazima ya kurudi nyuma bila haya, afanye fraksio na ekwasio ndogo kila siku mpaka mkono uzoee. Nyumba isiyo na msingi haitengenezwi kwa kubadilisha mabati.

Kisha inakuja kazi ya kurudilia. Ulizo lililokosewa leo lisitazamwe tu na kuachwa. Lifanywe tena baada ya siku mbili bila kuangalia jibu, tena baada ya juma moja, tena baada ya majuma matatu. Kusoma suluhisho la mtu mwingine na kusema "nimeelewa" ni kujidanganya kunakopendwa sana. Jicho linaelewa upesi kuliko mkono, lakini siku ya mtihani mkono ndio unaofanya kazi.

Mbinu ambazo hazipingani na akili

Mtihani wa kuchagua unatoa pia nafasi ambazo mtihani wa darasani hautoi. Jibu la kweli liko mbele ya macho. Mwanafunzi anaweza kulitafuta kwa kutoka kwenye majibu na kurudi kwenye ulizo.

Wanaomba mizizi ya x² − 7x + 12 = 0. Mtu aliyesahau kanuni ya delta anaweza kuweka majibu ndani ya ekwasio. Akiweka 3: 9 kutoa 21, kuongeza 12, inakuwa 0. Akiweka 4: 16 kutoa 28, kuongeza 12, inakuwa 0. Mizizi ni 3 na 4. Mwenye kukumbuka kwamba jumla ya mizizi ni 7 na zao lake ni 12 anafika hata upesi zaidi.

Wanaomba limiti ya (x² − 4) gawanya kwa (x − 2), x ikikaribia 2. Ukiweka 2 unapata sifuri juu na sifuri chini, na wengi hapo wanasimama. Njia ya darasani ni kuvunja x² − 4 iwe (x − 2)(x + 2), kupunguza, na kubaki na x + 2, ambayo inakuwa 4. Lakini aliyesahau njia hiyo anaweza kuchukua namba iliyo karibu na 2. Kwa 2,1 anapata 4,1. Kwa 2,01 anapata 4,01. Inaonekana wazi inaelekea wapi.

Wanaomba integrali ya 3x² kutoka 0 hadi 2, na majibu ni −8, 6, 8, 12 na 24. Kabla ya kuhesabu, mwanafunzi anaweza kuchora kidogo. Mstari hauendi chini ya sifuri, basi −8 inatoka. Pale x ni 2, urefu ni 12. Pembetatu yenye msingi wa 2 na urefu wa 12 ina eneo la 12, na mstari huu unapita chini ya pembetatu hiyo, basi 12 na 24 zinatoka pia. Yamebaki majibu mawili. Hesabu ya haraka inaonyesha x³, yaani 8.

Mbinu hizi haziondoi lazima ya kujifunza, kwa sababu anayeondoa majibu mabaya lazima ajue kwa nini ni mabaya. Kazi yake ni kumwokoa mwanafunzi anayejua nusu ya njia, na kumsaidia anayejua njia nzima kuhakikisha kwamba hakuteleza.

Kuhusu kubahatisha, hesabu yenyewe inatoa hukumu. Ulizo likiwa na majibu matano na mtu akachagua kwa macho yamefungwa, ana nafasi moja kati ya tano. Katika maulizo 10 anaweza kungojea kupata 2 hivi. Nafasi ya kupata angalau 5 kati ya 10 kwa bahati tupu ni karibu 3 katika 100. Ya kupata yote 10 ni moja katika 9 765 625. Lakini aliyeondoa majibu matatu mabaya kwa sababu anazozijua, na kubaki na mawili, ana nafasi moja kati ya mbili. Bahati inamsaidia aliyefanya kazi kwanza.

Biashara ya majibu

Mtihani unapokaribia, ujumbe unaanza kuzunguka katika vikundi vya WhatsApp. Mtu asiyejulikana anasema ana maulizo yaliyotoka Kinshasa, anaomba pesa kwa simu, anaahidi kutuma majibu usiku wa kuamkia mtihani. Kuna wazazi wanaokopa ili mtoto asikose.

Kabla ya kulipa, ingefaa kufanya hesabu ndogo. Karatasi za mtihani zinatolewa kwa seri mbalimbali, na wanaoketi karibu hawana lazima ya kuwa na karatasi moja. Orodha inayosema "ya kwanza jibu 4, ya pili jibu 3" haina maana kwa mtu ambaye seri yake ni nyingine, hata kama orodha hiyo ingekuwa ya kweli.

Kuna jambo lingine. Chukua ulizo moja lenye majibu matano. Muuzaji akituma jibu 1 kwa kikundi cha kwanza, jibu 2 kwa cha pili, na hivyo hadi cha tano, kikundi kimoja lazima kitapata jibu la kweli, bila muuzaji kujua kitu. Kikundi hicho kitamsifu mji mzima, na mwaka unaofuata atakuwa na wateja wapya. Vikundi vinne vilivyodanganywa vitanyamaza, kwa sababu nani atakwenda kushitaki kwamba alitaka kuiba mtihani na akaibiwa yeye? Sifa za muuzaji wa majibu zinajengwa na ukimya huo.

Gharama haiishii kwenye pesa. Mwanafunzi anayengojea orodha ya usiku hasomi mchana. Analala saa nane ya usiku akinakili namba, asubuhi anaingia katika kituo cha mtihani na kichwa kizito. Simu hairuhusiwi ndani, na anayekamatwa na majibu anaweza kufutiwa matokeo. Na hata yule anayepita kwa njia hiyo anakutana na hesabu ile ile mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, katika ufundi, uchumi ao sayansi, pasipo na orodha ya kununua.

Kifaransa ndani ya hesabu

Katika majimbo ya mashariki, wanafunzi wengi wanaelewa mambo kwa Kiswahili ao kwa lugha ya nyumbani, lakini ulizo linakuja kwa Kifaransa. Neno dogo likisomwa vibaya, hesabu nzima inaenda njia nyingine.

"Au plus 3" maana yake ni isiyopita 3. "Au moins 3" ni kuanzia 3 kwenda juu. Wengi wanabadilisha moja kwa nyingine. Bei ya franka 50 000 ikiwa "diminuée de 20 %", inabaki franka 40 000. Ikiwa "ramenée à 20 %" ya bei ya kwanza, inabaki franka 10 000. "Respectivement" inaamuru kufuata mpangilio ule ule, cha kwanza kwa cha kwanza, cha pili kwa cha pili. "En fonction de x" inaomba jibu lenye x ndani, si namba tupu. Tena kuna maulizo yanayoomba jibu lisilo la kweli kati ya yote. Asiyeona neno "fausse" anachagua la kwanza analotambua kuwa sawa, na kupoteza ulizo alilolijua.

Njia rahisi ni kuweka kurasa za mwisho za kaye ya makosa kwa maneno haya. Kila neno lililomdanganya mwanafunzi linaandikwa na maana yake kwa Kiswahili na mfano mmoja. Kabla ya kuhesabu, azoee kupiga mstari chini ya kitu kinachoombwa. Ni sekunde tano tu.

Miaka iliyokatika

Kujitayarisha kwa mashariki mwa Kongo hakufanani na kujitayarisha mahali penye utulivu. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya mwezi wa pili Bukavu ikafuata. Masomo yalisimama, shule zingine zilipokea wakimbizi, familia zilihama na kuacha vitabu nyuma. Katika Ituri na sehemu za Beni, kukimbia na kurudi kumekuwa sehemu ya maisha ya mwanafunzi kwa miaka mingi. Katika hali hiyo, kumwambia kijana "ulipaswa kuanza mapema" ni kumwonea.

Hesabu ina ugumu wake hapo, kwa sababu somo moja linasimama juu ya lingine. Aliyekosa majuma ya historia anaweza kusoma kurasa zile peke yake. Aliyekosa majuma ya derive hataelewa integrali. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekatikiwa masomo aanze kwa kuomba kaye ya mwenzake aliyebaki, alinganishe, na kuandika vichwa ambavyo hakufundishwa kamwe. Asivichanganye na vile alivyofundishwa akasahau. Vya kwanza vinahitaji mtu wa kueleza: mwalimu, kaka aliyemaliza, mwenzake wa darasa. Vya pili vinahitaji mazoezi tu, na anaweza kuyafanya peke yake.

Kikundi cha watu wanne ao watano, wenye ubao mmoja na chaki, kinaweza kufanya kazi kubwa bila umeme wala intaneti. Sharti lake ni kwamba kila mmoja asimame na kueleza ulizo moja kwa wengine. Anayeeleza anagundua pale asipoelewa. Kikundi penye mmoja anahesabu na wengine wananakili ni kupoteza wakati.

Penye umeme unakatika kila jioni, hesabu ifanywe asubuhi mapema, mwanga ukiwa wa bure na kichwa kikiwa kipya. Usiku uachiwe masomo ya kusoma. Na kwa mambo ya kushika kichwani, kama kanuni za trigonometri na derive za kawaida, njia ya kwenda kisimani ao sokoni inatosha: kanuni moja kwa siku, ikisemwa mara nyingi kwa sauti ndogo.

Jambo hilo linagusa wasichana zaidi. Katika nyumba nyingi finalisti msichana anapika, anaosha, anachota maji na kulea wadogo, kisha anaambiwa hesabu si ya wasichana. Anachokosa ni saa, si akili. Mzazi anayetaka kusaidia, hata kama hakusoma, hana lazima ya kujua integrali. Akimtolea mtoto wake saa moja kila siku isiyo na kazi ya nyumba, amempa msaada ambao orodha ya WhatsApp haiwezi kumpa.

Majuma nane

Saa moja kila siku, siku sita kwa juma, kwa majuma nane, zinafanya masaa 48 ya hesabu. Si machache kama yakitumiwa vizuri.

Juma la kwanza ni la kujipima: kuchukua maulizo ya mwaka mmoja uliopita, kuyafanya peke yake bila msaada, na kuhesabu kwa ukweli. Matokeo yanaweza kuumiza, lakini ndiyo yanaonyesha pa kuanzia. Majuma ya pili na ya tatu ni ya msingi: fraksio, mabano, ekwasio, asilimia. Kutoka la nne hadi la sita ni ya vichwa vikubwa vya optio, kichwa kimoja ao viwili kwa juma, na kila siku dakika kumi za kaye ya makosa. Majuma mawili ya mwisho ni ya mitihani mizima ya miaka iliyopita, kwa saa iliyopimwa, bila kusimama, bila simu mezani.

Kupima saa ni kitu cha kujifunza pia. Kama karatasi ina maulizo 20 kwa masaa mawili, kila ulizo lina dakika 6. Anayekaa dakika 20 juu ya ulizo moja gumu amekula wakati wa mengine mawili na zaidi, ambayo pengine yalikuwa rahisi. Njia nzuri ni kupita karatasi mara mbili. Mara ya kwanza, kufanya yale yanayojulikana na kutia alama ndogo kwenye yale magumu. Mara ya pili, kurudi kwa magumu, kuondoa majibu yasiyowezekana, na kuamua. Dakika za mwisho ni za kuhakikisha kwamba kila jibu liko kwenye mstari wake. Aliyeruka ulizo la 7 na kutia jibu la 8 mahali pa la 7 anaweza kuharibu karatasi nzima, na mashine haitamwuliza alitaka kusema nini.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani haiongezi kitu kikubwa. Kaye ya makosa isomwe mara moja, kitambulisho, kalamu na penseli viwekwe tayari, njia ya kwenda kwenye kituo ijulikane, hasa kwa waliohama makao. Kisha kulala. Asubuhi, maagizo yaliyo juu ya karatasi yasomwe yote, hata na yule anayefikiri anayajua, kwa sababu yanaweza kubadilika.

Na kwa yule ambaye jina lake halitatoka, mtihani unarudi mwaka unaofuata, na kaye yake ya makosa bado inasoma. Ameandika ndani yake kwa mkono wake mambo ambayo hakuyajua, na sasa anajua aanzie wapi.